Degere za Kasongo

Kuna watu hufika Kasongo, wakauona msikiti, wakaiona misheni, wakapita sokoni kununua samaki wa Lualaba, kisha wakarudi kwao wakijisifu kwamba Kasongo wameijua. Hawajaijua. Kasongo ni ubao mmoja mrefu wa mvule uliolazwa juu ya magogo mawili, mbele ya duka langu la ushonaji, pale barabara ya Kabambare inapoanza. Abdallah, ambaye sote twamwita Birika, huweka sigiri yake hapo kila asubuhi na kuchemsha kahawa chungu. Mimi hushona, lakini masikio yangu hayana cherehani. Jumamosi ninayoisimulia ilikuwa ya mwaka wa hamsini na sita, mwezi wa saba, kiangazi katikati, na baridi ya asubuhi ilikuwa imewavalisha makoti watu wazima. Ng'ambo ya barabara kamyo ya Bukavu ilikuwa ikipakia mchele. Ilikuwa iondoke saa nne. Saa mbili na nusu akaja Bulaimu, ameshika barua kwa mikono miwili.

Huyo Bulaimu tulikuwa tukimcheka miaka mitatu. Alikuwa boyi wa agronomu mmoja wa serikali, tuliyemwita Bwana Pamba kwa sababu alitulimisha pamba, tupende tusipende, na aliyechelewa kupanda alilala gerezani. Bwana Pamba hakuwa na mke wala mbwa. Alikuwa na chatu, aliyemlea tangu akiwa mdogo kama kamba ya kiatu, akamwita Mademoiselle. Sisi tukasema Mamuzele. Kazi ya Bulaimu ilikuwa kumlisha Mamuzele, kumwogesha na kumtandikia majani, na kijiwe kikampa jina la Baba Mamuzele. Mwezi wa tatu Bwana alihamishiwa Bukavu, akaenda na chatu wake ndani ya sanduku. Bulaimu akabaki bila kazi, na jina akabaki nalo.

Barua ilikuwa ya Kifaransa. Tukampa Raphaël, monitere wa shule, atufasirie. Yeye twamwita Virgili, ambayo kwa Kifaransa ni mkato, kwa kuwa kila alama iliyo katika karatasi huisoma kwa sauti.

Virgili: "Kwa Bulaimu, virgili, salamu. Tangu tumefika Bukavu Mamuzele hajala hata siku moja. Huku milimani ni baridi, virgili, usiku nyumba yangu ina degere kumi na nne tu za joto. Nilimwambia boyi wangu mupya, virgili, mupatie nyoka moto. Akatia makaa ndani ya sanduku."

Birika: Yallah!

Virgili: "Akamuunguza ubavu. Kosa ni langu, virgili, si lake."

Nikaacha kukanyaga cherehani. Kwetu moto ni moto. Wa kuni ni moto, wa jua ni moto, na chai ikitoka jikoni iko moto. Yule boyi wa Bukavu alitii neno kama lilivyosemwa, na neno likamchoma nyoka.

Virgili: "Sasa nataka hesabu. Pale Mamuzele alipolala Kasongo, virgili, palikuwa na degere ngapi? Nitaweka zile zile. Daktari wa nyama anasema nimuue, virgili, asiteseke. Nimemwambia angojee nipate jibu la mutu mumoja tu anayemujua huyu nyoka. Unijibu kwa kamyo hii hii."

Bulaimu alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Birika: Mwalimu, soma tena pale pa "mutu mumoja tu".

Virgili akasoma. Birika akaomba tena. Akasoma mara ya tatu, na mara hiyo Bulaimu akainua uso, nikaona ameanza kukaa vizuri ndani ya koti lake. Na mimi, sitaki kusema uongo, nilijisikia mkubwa. Bwana Pamba aliyekuja kutufundisha jinsi ya kutia mbegu ardhini, kana kwamba babu zetu walikula mawe, leo amekwama huko milimani na anauliza. Anauliza nani? Anauliza Kasongo.

Birika: Wamesema wakubwa, mugeni njoo mwenyeji apone. Jibu ni rahisi. Muandikie, Kasongo iko na moto mingi. Bas.

Virgili: Hakuuliza mingi. Ameuliza ngapi.

Hapo wote tukageuka kumtazama Emile. Emile ni anfirmiye, muuguzi wa dispanseri, kijana safi, kola yake naipiga pasi mimi mwenyewe. Mfukoni mwa shati huwa na kipima homa siku zote, hata akienda misa, ndiyo maana jina lake Termometa.

Termometa: Degere ni kazi yangu. Mumeuliza mutu wake. Sikieni. Mutu muzima iko na degere makumi tatu na saba. Makumi tatu na nane, ni homa. Tisa, sindano. Makumi ine, unaita jamaa.

Birika: Na kumi na nne?

Termometa: Kumi na nne?

Birika: Nyumba ya Bwana Pamba. Barua imesema.

Termometa alifikiri sana. Alifikiri kama mtu ambaye hatakubali kusema hajui.

Termometa: Ile nyumba imekufa. Hata mayiti iko na degere kupita ile.

Bulaimu: Masikini Mamuzele! Anaishi ndani ya kaburi!

Virgili: Na Kasongo, Termometa? Kasongo iko na ngapi?

Termometa: Kasongo inaumwa?

Birika: Haiumwi hata kidogo!

Termometa: Basi makumi tatu na saba.

Tukapiga makofi. Hesabu ilikuwa nzuri, haina hata ufa. Bulaimu alikwisha kumpa Virgili karatasi, na barua ingeandikwa hivyo, kama mwisho wa ubao asingekuwako Jean-Marie. Yeye ni Mbangubangu, mnunuzi wa karanga, kazaliwa Kabambare na kaoa Kabambare, na kila kizuri unachomwonyesha Kasongo, Kabambare kipo kikubwa zaidi. Jina lake kijiweni ni Kabambare, na hulipenda, na "ndio" yeye husema "njo".

Kabambare: Ndugu zangu, siye watu wa Kabambare hatupendi kusema sana. Lakini kama Kasongo iko na makumi tatu na saba, Kabambare iko na makumi ine.

Termometa: Basi Kabambare inaumwa.

Kabambare: Weye njo unaumwa! Kwetu jiwe la barabarani unaweka yai juu, unakula. Na unajua sababu? Kule upande wa Salamabila, chini ya udongo, iko zahabu. Jua likichwa linaenda kulala pale. Ile zahabu njo jasho lake. Wazungu wanachimba kila siku, hawajui wanachimba kitanda cha jua.

Birika: Uongo! Jua halilali. Linashuka kunywa maji ku Lualaba, hapa kwetu Kasongo. Wewe hujaona jioni maji yanakuwa mekundu? Mutu akikunywa maji anakaa na wenyeji kwanza, haondoki mara moja. Wamesema wakubwa, mavi ya kale hayanuki.

Virgili: Hiyo methali inaingia wapi hapo?

Birika: Inaingia pale pale. Jua la Kasongo ni la kale. Lile la Kabambare ni jipya, bado linanuka.

Kabambare: Jua langu linanuka?

Birika: Na nyoka anajua. Nyoka anaonja na ulimi! Mamuzele alionja jua la Kasongo, sasa la Bukavu hataki. Kama mutoto wa mutu mukubwa, huwezi kumupa ugali wa jana. Ile si ugonjwa, ni heshima.

Nilicheka mpaka sindano ikanidunga, lakini moyoni nilikuwa upande wa Birika kabisa. Kitu kimoja tu kilinisumbua. Wote watatu walikuwa wakisifu joto la miji yao huku wameikumbatia sigiri kama watoto yatima, na Birika mwenyewe alikuwa amevaa makoti mawili.

Bulaimu: Ndugu, kamyo imefika magunia ya mwisho. Muniambie, niandike ngapi?

Kabambare: Ipimwe! Termometa, toa chombo chako. Kasongo ipimwe hapa hapa mbele ya watu.

Termometa akakitoa, akakikung'uta mara tatu kwa namna yao ya dispanseri, akakilaza juu ya ubao. Tukazunguka. Nani asiyejua kwamba kipima homa huanza kuhesabu kwenye thelathini na tano, na chini ya hapo hakina habari? Nani asiyejua? Sisi wote hatukujua, na Termometa, ambaye hakuwahi kukitia penginepo ila kwapani mwa watu, alikuwa wa kwanza wa kutojua. Tukangoja. Ule uzi wa fedha ulikaa chini kabisa, haukupanda hata ukucha.

Kabambare: Inasema nini?

Termometa: Haisemi.

Kabambare: Haisemi! Sikieni jamani, Kasongo haiko na degere hata moja! Kasongo ni sifuri! Bukavu ya baridi iko na kumi na nne, Kasongo haiko na kitu!

Jamani, ilituuma. Virgili alikunja karatasi. Mimi nilitaka kumwambia Kabambare apande punda arudi kwao. Birika alikinyakua kile chombo.

Birika: Imelala tu, hii. Imeshikwa na kiangazi. Kitu kilicholala kinaamshwa kwanza. Wamesema wakubwa, maji ya moto hayachomi nyumba.

Akakitumbukiza ndani ya birika la kahawa, lililokuwa likichemka.

Tulisikia tik. Sauti ndogo tu. Birika alipotoa mkono, alikuwa ameshika nusu ya kipima homa.

Termometa: Mutu asikunywe! Mutu asikunywe! Ile fedha yake ni sumu!

Akalibeba birika mwenyewe, akalimwaga kwenye mtaro wa barabara, kahawa ya siku nzima ya kijiwe kizima, ikaenda ikitoa moshi. Kisha akakaa chini na kushika kichwa. Siku nyingine mambo yetu huishia hapo. Kahawa ikiisha na maneno huisha, kila mtu hukumbuka ghafla kwamba ana kazi. Lakini sofere alikuwa ameanza kufunga turubai la kamyo, na Bulaimu alikuwa amesimama katikati yetu kama mtu aliyeitwa mahakamani.

Bulaimu: Muandikie makumi ine.

Virgili: Na kama akimupika?

Bulaimu: Basi makumi mbili.

Virgili: Na kama akikufa na baridi?

Bulaimu akakaa. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

Bulaimu: Miaka tatu mulinicheka, miye nikanyamaza, kwa sababu nilisema moyoni, iko kitu kimoja najua kupita watu wote wa Kasongo. Nilimupa panya. Nilimuosha. Akitaka kutoka ngozi nilimuwekea maji. Sasa Muzungu ananiuliza neno moja tu, sina. Ile nyoka atakufa, na Bwana atasema, kumbe Bulaimu naye alikuwa mutu wa kubeba panya tu.

Hakuna aliyecheka.

Ndipo akaja Amisa, mkewe, kutoka sokoni, kikapu cha muhogo kichwani. Hakuwa mtu wa kijiwe. Wanawake hupita mbele yetu upesi, kwa sababu wanatujua. Lakini alimwona mumewe amekaa vile, akatua kikapu.

Amisa: Baba Binti, iko nini? Nani amekufa?

Virgili akamweleza yote: baridi ya Bukavu, makaa, daktari wa nyama, degere. Kipima homa hakukisema, kwa huruma. Amisa alisikiliza mpaka mwisho.

Amisa: Na usiku wa kiangazi, Mamuzele alikuwa analala wapi?

Swali gani hilo! Tulimtazama Bulaimu. Hilo alikuwa nalo.

Bulaimu: Ku depo, Mama Binti. Sanduku lake lilikuwa ku depo, pale pa kuweka vyakula vya Bwana, chini ya dirisha. Kila asubuhi nilimukuta pale.

Amisa: Asubuhi, ndiyo. Nimeuliza usiku.

La usiku Bulaimu hakuwa nalo. Mtu mmoja tu anayemjua nyoka yule hakujua, na sisi wenye jua la kale na kitanda cha jua hatukujua pia.

Amisa: Mwaka wa kwanza, mwezi huu wa saba, niliamka alfajiri nikaingia depo kutafuta chumvi ya Bwana. Nikagusa sanduku. Mamuzele alikuwa mugumu kama muti. Nikasema, huyu akikufa, Baba Binti atafungwa. Ukuta wa depo na ukuta wa jiko langu la boyeri, pale tulipolala sisi, ni ukuta mumoja. Nikasukuma sanduku mpaka upande mumoja uguse ukuta, nyuma ya mafiga yangu. Upande wa pili nikauacha mbali, kwenye ubaridi, akichoka na moto akimbie. Kila jioni ya kiangazi nasukuma, nalaza gogo moja jikoni liwake polepole. Asubuhi mbele weye hujaamka, narudisha.

Bulaimu: Miaka tatu?

Amisa: Kiangazi tatu.

Bulaimu: Kwa nini hukuniambia, Mama Binti?

Amisa: Nilikuambia. Nilisema, Kasongo iko baridi sasa. Ukasema, Kasongo haina baridi.

Birika alijifanya anachochea sigiri. Mimi nilitazama cherehani.

Virgili: Na ule ukuta, mama, moto wake ulikuwa ngapi? Kwa maana Bwana ataweka mingi tena.

Amisa: Ni moto wa muzazi tu. Munajua. Mwanamuke akizaa, analazwa karibu na ukuta wa jiko. Mama yangu alinifunza nilipozaa Binti. Unavua nguo mugongoni, unaegemea ukuta na mugongo mutupu. Ukiruka, moto umezidi, punguza kuni. Ukitetemeka, haujatosha. Ukisinzia, njo huo.

Ukisinzia, ndio huo! Na mimi nilizaliwa kwenye ukuta huo huo, mama yangu akasinzia hapo siku arobaini, na sisi sote tuliokaa pale tulitoka kwenye joto hilo, na hakuna hata mmoja aliyelikumbuka. Niliona aibu, na ndani ya aibu nikaona fahari kubwa kuliko ile ya mwanzo. Macho yalinitoka machozi, nikasema ni moshi wa sigiri.

Kabambare: Mama Amisa, mama yako alitoka wapi?

Amisa: Alitoka Kabambare.

Jean-Marie alisimama juu ya ubao na kuinua mikono yote miwili. Tulimwachia. Ilikuwa haki yake.

Virgili aliandika mbio, akisoma huku anaandika: sanduku liwe refu, virgili, upande mmoja uguse ukuta, nyuma ya jiko la kuotea moto, upande wa pili ukae mbali. Alipofika kwenye kipimo alisita.

Virgili: Mama, hapa nimuandikie nini? Yeye ni agronomu wa serikali.

Amisa: Muandikie avue shati.

Tukacheka hadi watu wa sokoni wakageuka. Bwana Pamba, ambaye mbele yake tulivua kofia miaka sita, sasa Kasongo inamwamuru avue shati na kukaa chini! Virgili aliandika neno kwa neno. Sofere akapiga honi, mara ya kwanza, mara ya pili.

Virgili: Nitie jina la nani?

Barua ilikuwa imekuja kwa Bulaimu. Mtu mmoja tu, imesema hivyo, tulisikia mara tatu. Amisa alikuwa ameinama kuchukua kikapu chake, na ningesema hakuwa akingoja chochote. Nilimtazama Bulaimu. Miaka mitatu alingoja neno lile, na alikuwa nalo kwa muda wa kahawa moja isiyonyweka.

Bulaimu: Andika Amisa.

Virgili: Amisa peke yake?

Bulaimu: Amisa binti Sefu, wa Kasongo. Weye Kabambare, nyamaza. Miye nitatia kidole chini, kama shahidi.

Akatia. Akavuka barabara mwenyewe, akampa sofere barua mkononi. Sofere akasoma jina la mtumaji, akakunja uso.

Sofere: Amisa njo nani?

Bulaimu: Miye ni bwana yake.

Alilisema kwa sauti ya kumfikia mtu aliye upande wa pili wa mji. Kamyo ikaondoka na vumbi lake kuelekea Kabambare, na toka siku ile sikumsikia mtu akimwita Baba Mamuzele.

Wiki ya tano kamyo ikaleta jibu. Termometa alikuwa amekwisha kupewa kipima homa kingine, pamoja na maneno makali ambayo hakutaka kutusimulia. Birika alikuwa na kahawa mpya. Amisa aliitwa, na tukamsogezea nafasi ubaoni, akakaa.

Virgili: "Kwa Amisa binti Sefu, virgili, salamu. Nilisinzia. Siku ya tatu Mamuzele alikula."

Birika: Soma tena, Mwalimu! Pale pa kusinzia!

Lakini Bulaimu alikuwa ameweka mkono juu ya karatasi.

Bulaimu: Hapana. Soma pale juu.

Virgili: Juu wapi?

Bulaimu: Pale pa "Kwa Amisa".